Kanisa Ndani ya Spika Tano: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Riveba

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua nne zinazohusu jambo moja, yaani namna ya kutumia riveba ya kidijitali (uvumo wa chumba unaotengenezwa na kompyuta) ili msikilizaji aliyezungukwa na spika aamini kwamba yumo ndani ya chumba fulani, ingawa ameketi mahali pengine kabisa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu makosa yote ambayo nimeyasikia katika studio za Nairobi tangu watu waanze kupewa kazi za 5.1 (spika tano na chaneli moja ya besi), na ninaamini kwamba atakayemfuata mwandishi wake hatua kwa hatua atajiokolea siku nyingi za kuhangaika.

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kutoka Buruburu. Nimepewa kazi ya kuchanganya sauti za filamu fupi itakayoonyeshwa katika ukumbi mdogo wenye mfumo wa 5.1, na hii ni mara yangu ya kwanza kufanya kazi nje ya spika mbili nilizozizoea. Onyesho kuu ni la mama anayezungumza na padri ndani ya kanisa kubwa la mawe lisilo na watu. Picha zilipigwa kanisani, lakini siku hiyo jenereta ilikuwa ikinguruma jirani, kwa hiyo mazungumzo yalirekodiwa upya katika sebule ya nyumba moja huko Umoja. Nilichukua riveba moja, nikachagua mpangilio ulioandikwa kanisa, nikaipeleka kwenye spika za mbele, kisha nikainakili kwenye spika za nyuma kwa kuichelewesha milisekunde 10. Mwelekezi aliposikiliza alisema wahusika wanasikika kama watu waliofungiwa ndani ya tangi la maji. Rafiki yake aliyeketi kiti cha pembeni alisema mama anaongelea nyuma yake. Tulipoicheza kwenye runinga ya kawaida, sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya bomba. Nimekosea wapi, na je, ninunue riveba nyingine?
Mchanganyaji wa sauti, Buruburu

JIBU: Ndugu yangu, usinunue chochote. Riveba uliyonayo inatosha. Kilichokosekana ni chumba, kwa maana kwamba ulichagua mlio wa kanisa kabla ya kuamua kanisa lenyewe lina ukubwa gani, wahusika wamesimama wapi, na msikilizaji wako amesimama wapi.

Tuanze na neno. Kiswahili hutumia neno moja, mwangwi, kwa mambo mawili ambayo mchanganyaji wa sauti lazima ayatenganishe. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukaita jina la mtu, nalo likarudi zima baada ya kitambo, huo ndio mwangwi ambao kila mtoto anaufahamu. Ndani ya kanisa la mawe hali ni nyingine: sauti hugonga sakafu, kuta, nguzo na dari, na marejeo yake hurudi kwa maelfu, yakifuatana upesi kiasi kwamba sikio haliwezi kuyahesabu, bali huyapokea kama mkia mmoja mrefu unaofifia. Huo mkia pamoja na marejeo yanayoutangulia ndio tunaouita riveba studioni. Marejeo ya kwanza, yale yanayofika ndani ya milisekunde 80 hivi za mwanzo, ndiyo yanayoliambia sikio ukuta uko umbali gani na upande upi. Mkia unaofuata unaeleza tu kwamba chumba ni kikubwa na kimejengwa kwa kitu kigumu. Wewe ulileta mkia, na marejeo ya kwanza ukayaacha yaangukie popote.

Chukua karatasi na kalamu kabla hujafungua programu yako. Tuseme kanisa lenu lina urefu wa mita 30, upana wa mita 15 na kimo cha mita 10. Tuseme kamera, ambayo ndiyo sikio la mtazamaji, iko katikati ya upana wa kanisa, mita 4 kutoka kwa mama, na mlango mkuu uko mita 10 nyuma ya kamera. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Sauti ya mama inayokwenda kugonga ukuta wa kushoto na kurudi kwenye kamera husafiri mita 15.5, wakati ile iliyonyooka husafiri mita 4 tu. Tofauti ni mita 11.5, kwa hiyo rejeo la ukutani linachelewa milisekunde 34 hivi. Sauti inayoipita kamera, ikagonga ukuta wa mlango na kurudi, husafiri mita 20 za ziada, kwa hiyo rejeo la nyuma linachelewa milisekunde 58. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa sebule yenye upana wa mita 4, watu wakiwa mita 2 kati yao, na utaona rejeo la ukutani linachelewa milisekunde 7 tu. Tofauti kati ya 7 na 34 ndiyo tofauti kati ya sebule na kanisa, na sikio huitambua kwa kufumba na kufumbua, hata kabla mkia haujaanza kusikika.

Sasa hesabu hizo zipeleke kwenye spika. Kwa mujibu wa pendekezo la kimataifa la ITU-R BS.775, spika ya kati huwa mbele ya msikilizaji kabisa, za kushoto na kulia huwa nyuzi 30 kila upande, na zile za kuzunguka huwa kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Marejeo ya kuta za pembeni utayaweka kati ya spika ya mbele na ya nyuma ya upande huo huo, yakiegemea mbele. Rejeo la mlango utaliweka katika spika za nyuma peke yake, likiwa limechelewa milisekunde 58 na limepungua nguvu. Ukifanya hivyo tu, bila mkia wowote, sikiliza: tayari kuna kuta. Mimi huwa nafanya jaribio hili mbele ya kila mwanafunzi anayenijia. Nazima mkia, nabakisha marejeo sita au manane, kisha namwomba afumbe macho na kunionyesha kwa kidole mlango uko wapi. Wengi hunyoosha kidole nyuma bila kusita.

Hapo ndipo tunapopata jibu la yule aliyeketi kiti cha pembeni. Tuseme alikuwa mita 2 kutoka spika ya ukutani na mita 10 kutoka spika ya kati inayobeba mazungumzo. Sauti ya spika ya kati ilichelewa kumfikia kwa milisekunde 23 ikilinganishwa na ile ya ukutani, kwa sababu ina mita 8 zaidi za kusafiri. Riveba yako ya nyuma ilichelewa milisekunde 10 tu. Kwa hiyo riveba ya mama ilimfikia milisekunde 13 kabla ya mama mwenyewe kuongea. Helmut Haas, katika tasnifu yake ya mwaka 1949 huko Göttingen, alionyesha kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa karibu sana, sikio huzichukua kuwa sauti moja inayotoka upande wa ile iliyotangulia, hata kama ya pili ina nguvu kiasi. Rafiki huyo wa mwelekezi hakukosea: kwa sikio lake mama alikuwa nyuma. Kumbi kubwa za sinema huchelewesha spika za nyuma kwa makusudi ili kuzuia jambo hili, lakini usiutegemee ukumbi ambao hukuupanga. Ukitumia milisekunde 58 zinazotokana na umbo la kanisa lenyewe, kiti kile cha pembeni kitapata sauti ya mama kwanza, na riveba itafika milisekunde 35 baadaye.

Suala la bomba kwenye runinga nalo lina hesabu yake. Runinga yenye spika mbili huikunja 5.1 kwa kuchukua chaneli ya kushoto, kuiongezea ya kati iliyopunguzwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na kwa kawaida kuiongezea ya nyuma ya kushoto iliyopunguzwa desibeli 3 vilevile. Upande wa kulia hufanyiwa hivyo hivyo. Ulipoweka mbele na nyuma sauti ile ile moja, tofauti ikiwa ni kuchelewa kwa milisekunde 10, mkunjo huo uliijumlisha sauti na nakala yake. Nakala iliyochelewa milisekunde 10 huivunja nguvu sauti ya awali katika Hezi (mitetemo kwa sekunde) 50, 150, 250 na kuendelea kwa hatua za 100, na huitia nguvu katikati ya hatua hizo. Sikio huusikia mpangilio huo wa mashimo yenye nafasi sawa kama mlio wa bomba. Hakuna kichujio kitakachouondoa baadaye.

Ndiyo sababu nasisitiza, na hapa siwezi kulegeza msimamo, kwamba mkia wa kila spika uwe tofauti na wa mwenzake. Mikia yote iwe na urefu mmoja na rangi moja ya sauti, kwa sababu inatoka katika chumba kimoja, lakini mpangilio wa marejeo yake usilingane. Fikiria waumini wanaoimba wimbo mmoja: unasikia umati kwa sababu hakuna wawili wanaovuta pumzi kwa wakati mmoja. Kama programu yako ina riveba ya chaneli tano, kwa kawaida inalifanya jambo hili yenyewe. Kama ina ya chaneli mbili tu, fungua riveba mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kisha katika ile ya nyuma badilisha kidogo ukubwa wa chumba bila kugusa urefu wa mkia. Kisha zima maneno yenyewe, acha mkia, na usikilize mkunjo wa spika mbili. Usiposikia bomba, umefaulu.

Urefu wa mkia wenyewe usiuchague kwa kuonja. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kuchunguza ukumbi wa mihadhara ambao wasikilizaji wake hawakuelewa kitu, alituachia kanuni rahisi: zidisha ujazo wa chumba kwa mita za ujazo na 0.161, kisha ugawanye kwa jumla ya mita za mraba za unyonyaji wa sauti zilizomo chumbani, na utapata sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60. Kanisa letu lina mita za ujazo 4,500. Likiwa na mawe, kioo na mabenchi ya mbao yasiyo na mito, tuseme unyonyaji wake ni mita za mraba 240, mkia utakuwa wa sekunde 3. Waingize waumini 300, kila mmoja na nguo zake akinyonya karibu nusu mita ya mraba, na mkia utashuka hadi chini kidogo ya sekunde 2. Kwa hiyo kama filamu yenu ina misa ya Jumapili na baadaye mama anarudi peke yake siku ya Jumanne, msitumie riveba moja kwa maonyesho yote mawili. Mtazamaji hatajua kilichobadilika, ila upweke wa mama atausikia.

Nikirudi kwenye tangi la maji: mkia wa sekunde 3 ukiachwa na sauti zake zote nzito hufunika maneno. Punguza sauti zilizo chini ya Hezi 200 kabla hazijaingia kwenye riveba, kwa kuwa kifua cha mtu ndicho kinachojaza chumba uvumo usio na maana. Punguza pia sauti nyembamba ndani ya mkia, kwa kuwa hewa na kuta hunyonya sauti nyembamba haraka kuliko nyingine, na mkia unaong'aa hadi mwisho wake hutoa siri kwamba umetengenezwa. Tena kumbuka kwamba katika kanisa halisi la vipimo hivi, ukiwa zaidi ya mita 2.2 kutoka kwa msemaji, riveba tayari ina nguvu kuliko sauti iliyonyooka. Ukiifuata kweli hiyo neno kwa neno, hakuna atakayeelewa mazungumzo. Filamu inadai tuamini chumba na bado tusikie maneno, kwa hiyo ukubwa wa chumba uonyeshe kwa nyakati za marejeo, ambazo utaziheshimu, na nguvu ya riveba uipunguze kadiri maneno yanavyohitaji.

Wengine hawaweki riveba yoyote katika spika ya kati. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu sauti kavu kabisa katikati, huku chumba kizima kikiwa pembeni, humfanya mama asikike kama picha iliyobandikwa ukutani. Iweke, lakini iwe chini ya ile ya kushoto na kulia kwa desibeli 6 hadi 10, na iwe zaidi ya marejeo ya kwanza kuliko mkia.

Kuhusu ile sebule ya Umoja, hapa kuna jambo ambalo huwezi kulirekebisha kikamilifu. Maikrofoni ilirekodi mama pamoja na kuta za sebule, na marejeo yale ya milisekunde 7 yamo ndani ya kila neno. Ukiongeza kanisa juu yake, sikio husikia sebule iliyojengwa ndani ya kanisa, na bila shaka hiyo ni sehemu ya tangi alilolisikia mwelekezi wako. Kama waigizaji bado wanapatikana, warekodi tena maikrofoni ikiwa sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni, huku umetundika mablanketi mazito nyuma yao na pande zote mbili. Blanketi la Raymonds, kama watu wengi wa hapa wanavyoliita lolote lile la sufu, lililokunjwa mara mbili na kutundikwa mbali kidogo na ukuta, litakusaidia zaidi kuliko programu yoyote ya kuondoa riveba.

Kagua pia viwango vya spika zako. Katika ukumbi wa sinema kila spika ya mbele hupimwa kwa desibeli 85 na kila upande wa spika za kuzunguka kwa desibeli 82. Katika chumba cha kuchanganyia runinga na muziki, spika zote huwekwa sawa. Kama ulichanganya nyumbani kwa viwango sawa na filamu ikachezwa sinema, riveba yako ya nyuma ilipungua desibeli 3. Ukichanganya kwa kipimo cha sinema na filamu ikachezwa sebuleni, itaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ulizia ukumbi wenu umepimwa vipi kabla ya kugusa chochote.

Jambo la mwisho katika barua yako hukuliuliza, lakini nitalisema kwa kuwa liliwahi kuniumiza. Riveba ya mazungumzo iwe na njia yake, ya muziki njia yake, na ya milio mingine njia yake, hadi mwisho wa kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhi filamu nikiwa nimepitisha kila kitu katika riveba moja ili kompyuta isilemewe. Baada ya miezi mitatu msambazaji akaomba muziki na milio bila mazungumzo, ili filamu itafsiriwe katika lugha nyingine. Kila nilipozima mazungumzo, mikia yake ilibaki ikivuma kanisani kama watu waliokwisha kuondoka. Ililazimu kuifanya upya kazi nzima, na malipo hayakuongezwa.

SWALI: Nimesikia kwamba mtu anaweza kurekodi riveba ya jengo la kweli na kuitumia katika kompyuta. Je, naweza kufanya hivyo katika kanisa letu hapa South B kwa kupasua puto, na je, matokeo yatakuwa bora kuliko riveba ya kawaida?
Mwanakwaya anayejifunza sauti

JIBU: Unaweza, na nakutia moyo ujaribu. Kuna njia mbili za kutengeneza riveba ya kidijitali. Ya kwanza ni ya hesabu tupu: Manfred Schroeder wa Bell Labs alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1960 jinsi ya kuunganisha ucheleweshaji na vichujio vinavyojirudia hadi vitoe mkia unaofanana na wa chumba, na kutokana na fikra hizo zikaja mashine kama EMT 250 mwaka 1976 na Lexicon 224 mwaka 1978. Ya pili ni kurekodi mwitikio wa chumba chenyewe, yaani jinsi kinavyojibu pigo moja fupi la sauti, kisha kuizidisha kila sampuli ya sauti yako (kila kimoja cha vipimo vidogo ambavyo kompyuta huchukua) na mwitikio huo. Mwitikio wa sekunde 3 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde una nambari 144,000, na kuzizidisha zote kwa kila sampuli kunahitaji takriban hesabu bilioni 7 kwa sekunde kwa chaneli moja. Kompyuta za leo hupita njia ya mkato ya kihisabati, ndiyo sababu hata ile ya mezani inaweza kazi hiyo.

Puto hukupa picha ya haraka, lakini halitoi sauti nzito za kutosha, na hakuna maputo mawili yanayopasuka sawasawa. Njia bora ni ile iliyoenezwa na Angelo Farina kuanzia mwaka 2000: unacheza kwa spika mlio mmoja unaopanda polepole kutoka Hezi 20 hadi 20,000 kwa sekunde 15 au 20, unaurekodi, kisha programu inaubana mlio wote kuwa pigo moja fupi. Kwa kuwa nguvu imetawanywa katika sekunde nyingi, kelele za nje haziathiri sana. Hata hivyo chagua usiku. Sabine naye alifanya vipimo vyake usiku ili aepuke kelele za mji, na Nairobi ina matatu zaidi ya mji wake wa wakati ule. Mimi nilipomrekodia rafiki ukumbi wa kanisa moja hapa jijini, tulianza saa saba usiku, tukazima friji ya chumba cha sakristia na feni zote, na bado mlio wa tatu uliharibiwa na mbwa wa mlinzi, tukaurudia. Omba ruhusa kwa maandishi na umjulishe mlinzi mapema, kwa sababu mlio ule unatisha anayeusikia kwa mara ya kwanza.

Kwa sauti ya kuzunguka, tumia maikrofoni nne kwa wakati mmoja, mbili zikielekea madhabahuni na mbili zikielekea mlangoni, zikiwa zimeachana mita moja na nusu au mbili. Hapo kila spika itapata mkia wake wa kweli, usiolingana na mwingine.

Kama ni bora au la, inategemea onyesho. Mwitikio uliorekodiwa ni kama picha ya mnato: unaonyesha spika ikiwa pale ilipokuwa na maikrofoni pale zilipokuwa. Mhusika akitembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni, picha haitembei naye, na riveba ya hesabu ambayo unaweza kubadilisha marejeo yake kadiri anavyosogea itakufaa zaidi. Kwa mtu aliyesimama au kwaya iliyopangwa jukwaani, jengo lililorekodiwa lina ukweli ambao sijaupata kwingine.

SWALI: Onyesho letu ni la makanga anayeita abiria katikati ya jiji, kati ya majengo marefu. Kila riveba ninayojaribu inamfanya asikike yuko ukumbini. Nitumie ipi?
Mhariri wa sauti, Ngara

JIBU: Usitumie yenye mkia. Barabarani hakuna dari, na sauti nyingi inapaa angani bila kurudi. Kinachorudi ni marejeo machache yaliyo wazi, na hapa neno mwangwi linapata maana yake ya kale. Makanga akiwa mita 12 kutoka ukuta wa jengo lililo mkabala naye, sauti yake inaurudia mdomo wake baada ya milisekunde 70, nalo jengo la upande wa pili litarudisha kwa umbali wake. Tengeneza ucheleweshaji wa milisekunde 70 kwenye spika ya mbele ya upande mmoja, na mwingine wa 90 au 110 kwenye spika ya nyuma ya upande wa pili, punguza sauti nyembamba na nzito za kila mmoja, na ushushe nguvu hadi usikike pale tu anapopaza sauti. Anapozungumza kawaida na abiria mlangoni mwa gari, usisikike kabisa. Abiria akiingia ndani ya matatu, kata kila kitu papo hapo na umpe marejeo ya milisekunde 3 hadi 6 yenye viti na vioo. Mkato huo, zaidi ya mlango unaofungwa, ndio utakaotuingiza ndani ya gari.

SWALI: Je, riveba iingie pia katika chaneli ile ya besi? Na je, hewa nyembamba ya Nairobi, kwa kuwa tuko juu sana ya bahari, inabadilisha hesabu za milisekunde? Filamu yetu inasimulia Nairobi na Mombasa.
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Katika chaneli ya besi, la. Imetengwa kwa ajili ya vishindo vya ziada vilivyo chini ya Hezi 120, na inapokunjwa kuwa spika mbili mara nyingi hutupwa, kwa hiyo sehemu ya chumba chako itapotea nayo.

Kuhusu hewa, kasi ya sauti haitegemei shinikizo bali joto, na kimo cha Nairobi peke yake hakibadilishi chochote. Usiku wa Nairobi wenye nyuzijoto 15 sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, na mchana wa Mombasa wenye nyuzi 30 husafiri mita 349 na nusu. Katika umbali wa mita 20 tofauti ni chini ya milisekunde 2, na hakuna sikio litakalokudai hiyo. Kinachosikika ni unyevu: hewa kavu kwa kawaida hunyonya sauti nyembamba zaidi kuliko hewa ya pwani, na katika jumba kubwa mkia wa Mombasa hubaki na mng'ao kidogo zaidi. Ziache milisekunde zako kama zilivyo, kisha katika maonyesho ya Mombasa fungua kidogo kile kichujio kinachozima sauti nyembamba ndani ya mkia.